Shimo moja, fishi mbili

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama wenye kungojea mwisho wa mwezi, leo tunataka kuzungumza juu ya mstari mmoja tu wa fishi ya malipo. Ni ule wenye herufi tatu: IPR. Bwana anapofika nyumbani na ile karatasi, mama anakimbiza macho chini kabisa, kwenye namba ya feza yenye kuingia mkononi. Ana haki, sababu hapa Kingi hakuna duka lenye kuuza chumvi kwa ile namba ya juu. Lakini sisi wa sendika kazi yetu ni kusoma kuanzia juu, na tumekawia kwenye ule mstari juu ya neno moja tuliloambiwa katika kikao.

Kampuni hatutaitaja. Ni moja ya zile zenye kupewa kazi na kampuni kubwa, zile tunaziita za sutretansi: moja inapasua mawe, ingine inatengeneza mashini, ingine inapika chakula. Wajumbe wetu waliuliza swali jepesi. Hawa mafundi wageni wenye kukaa hapa wiki sita na kurudi kwao wiki tatu, nao wanakatwa IPR sawa sisi? Mkubwa wa wafanyakazi, Mkongomani sawa sisi, hakukasirika. Alisema: «Hapana papa, wale hawahusiki. Hawakai hapa. Feza yao inalipwa kwao.» Kikao kikaendelea na mambo ya buti na kofia za kazi.

Tunakubali kwamba siku ile tulinyamaza. Jibu lilikuwa na sura ya akili. Mtu analala kwenye kontena, nguo zake ziko ndani ya sakoshi moja, bibi na watoto wako kwao, mshahara unaingia benki ya mbali: huyu ni wa kwetu kwa njia gani? Kiisha tukatafuta sheria yenyewe, tukaisoma polepole pamoja na mwalimu mmoja wa Kifaransa, sababu Kifaransa cha kodi si kile cha redio. Hapo ndipo tuliona kwamba tulilishwa uongo. Labda yule mkubwa naye alilishwa.

Sheria yenye kuzaa IPR ni ya zamani. Ni ordonnance-loi namba 69-009 ya tarehe 10 Februari 1969. Imerekebishwa mara nyingi, lakini neno lake la msingi ni hili: kodi ya kazi inagusa mapato yenye kutoka kwenye kazi iliyofanywa ndani ya Kongo, hata kama mwenye kuyapokea hana makao yake ndani ya Kongo. Haiulizi unalala wapi. Haiulizi benki yako iko mji gani. Inauliza kazi imefanyika wapi. Kwa Kiswahili chetu cha hapa tungesema: pahali jasho inaanguka, njo pahali kodi inazaliwa. Fundi akishuka ndani ya shimo la Walikale, jasho lake limeanguka Walikale, ijapokuwa mshahara wake unaingia Johannesburg.

Na wakati wa kazi yenyewe, Code du travail, ambayo ni sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, nayo haitenganishi watu kwa taifa lao. Inashika kila mfanyakazi na kila mwajiri wa kazi yenye kutendeka hapa. Kwa hiyo ile sentensi ya «hawahusiki» haina mguu hata mmoja wa kusimama.

Tukiangalia kwa majirani, tunaona ya kwamba neno «mtu asiyekaa» halimaanishi «mtu asiyelipa». Kenya, Tanzania na Uganda wanahesabu siku. Mtu akifikisha siku 183 katika mwaka, anahesabiwa kuwa mkaaji. Asipofikisha, ni mgeni wa kodi, lakini bado analipa juu ya kile alichopata ndani ya nchi, na mara ingine analipa zaidi ya mkaaji. Kule Uganda, mkaaji hatozwi kitu juu ya shilingi 235,000 za kwanza za mwezi. Asiyekaa anaanza kutozwa asilimia 10 kutoka shilingi ya kwanza kabisa. Kule Kenya, mkaaji anapunguziwa shilingi 2,400 za kodi kila mwezi, asiyekaa hapunguziwi. Tanzania inamkata mfanyakazi asiyekaa asilimia 15 moja kwa moja. Ndugu zetu wenye kwenda kutafuta maisha Kampala wanajua mambo haya. Hakuna mtu wa kule anayewaambia: ninyi hamkai hapa, pitieni bure.

Sasa tuweke hesabu mezani, sababu bila hesabu hii ni kelele tu.

Mchukueni kijana wetu mmoja mwenye mshahara wa kutozwa kodi wa franka 800,000 kwa mwezi, kiisha kutoa ile asilimia 5 ya CNSS. Kwenye franka 162,000 za kwanza anakatwa asilimia 3, ni franka 4,860. Kwenye zile 638,000 zenye kubaki anakatwa asilimia 15, ni franka 95,700. Jumla ni 100,560. Sheria inampunguzia asilimia 2 ya ile kodi kwa kila mtu anayemlisha, mpaka watu 9. Akiwa na bibi na watoto sita, anapunguziwa asilimia 14, na kodi inashuka karibu na franka 86,480. (Wenye kuwa na bibi na watoto ambao hawaonekani kwenye fishi yao, muende mkaulize biro kesho asubuhi. Tumekuta wababa wa watoto saba wenye kukatwa sawa vijana wasiooa, kwa sababu hawakuleta karatasi za kuzaliwa.) Ile feza inaondoka kabla haijagusa mkono wake. Mwajiri anaikata mwenyewe na anapaswa kuipeleka DGI mbele ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Kijana hana njia ya kukimbia, wala hajaribu kukimbia.

Sasa mchukueni fundi mgeni mwenye mshahara wa dola 10,000 kwa mwezi. Si mtu fulani. Ni mfano, na namba ni nyepesi kwa makusudi. Tukihesabu dola moja kwa franka 2,800, inakuwa franka milioni 28. Kiwango cha juu cha IPR ni asilimia 40, lakini sheria inasema kodi yote pamoja isipite asilimia 30 ya mapato yenye kutozwa. Kwa hiyo yeye anafikia kwenye ule mpaka: dola 3,000. Akiwa na mkataba wa kazi na kampuni iliyoandikishwa hapa Kongo, ndiyo IPR yake ya mwezi.

Lakini haijaisha. Kuna kodi ya pili ambayo wachimbaji wengi hawajapata hata kusikia jina lake: IERE. Ni kodi ya pekee juu ya mishahara ya wafanyakazi waliotoka nje, na ilizaliwa tarehe ile ile, 10 Februari 1969, katika ordonnance-loi namba 69-007. Hii haikatwi kwa mfanyakazi. Inatoka mfukoni mwa mwajiri. Kwa makampuni ya kawaida ni asilimia 25 ya mshahara. Code minier ya 2002 iliwashushia makampuni ya migodi mpaka asilimia 10. Marekebisho ya tarehe 9 Machi 2018 yaliipandisha: asilimia 12.5 kwa miaka kumi ya kwanza ya mradi, kiisha asilimia 25. Kwa fundi wetu wa mfano, mwajiri anaongeza dola 1,250 kila mwezi. Miaka kumi ikipita, dola 2,500. Weka pamoja IPR na IERE ya miaka ya kwanza: dola 4,250 kwa mwezi kwa kichwa kimoja.

Sasa angalieni ginsi karatasi inaweza kubadilisha mambo. Fundi yule yule, shimo lile lile, mashini ile ile, mwezi ule ule. Badala ya kuwa mfanyakazi wa kampuni ya hapa, anakuja kwa jina la kampuni ya nje, ambayo inaleta fakture ya «huduma». Sheria ya kawaida inasema feza inayolipwa kwa kampuni ya nje isiyokuwa na makao Kongo, kwa huduma iliyotoa, inakatwa asilimia 14. Kwa dola 10,000 ni dola 1,400. Na yule asiyetangazwa popote, ambaye feza yake «inalipwa kwao», ni sifuri. Kutoka 4,250 mpaka 1,400 mpaka 0, bila mtu kubadilisha hata buti zake. Kilichobadilika ni karatasi tu, na karatasi ile haiandikwi na fundi. Inaandikwa na wakubwa wa biro.

Hapo ndipo tunataka mtuelewe vizuri. Hatupigani na mgeni. Wageni wengi tuliofanya nao kazi walitufundisha ufundi, na wengine walikula maharagi yetu bila kukunja uso. Zaidi ya hapo, mara nyingi mgeni anaandikiwa mkataba wa mshahara «safi»: anaahidiwa kwamba dola fulani zitaingia benki, na kodi yote ni mzigo wa kampuni. Huyo hapotezi kitu ikilipwa, na hapati kitu isipolipwa. Mwenye kushinda ni mwajiri.

Kuna mlango mmoja wa halali, na hatutaki kuuficha, sababu watautaja wao wenyewe. Kongo ina mikataba na nchi chache juu ya kutokutoza mtu mara mbili. Ule wa Ubelgiji ulisainiwa 2007, ule wa Afrika ya Kusini ulisainiwa 2005. Ndani ya mikataba ya namna hii kuna neno la siku 183: mtu wa nchi ile anaweza kufanya kazi hapa na kodi ikabaki kwao. Lakini masharti ni matatu, na yanakwenda pamoja. Asipite siku 183 ndani ya miezi kumi na miwili. Mwajiri wake asiwe wa hapa. Na mshahara wake usibebwe na tawi ao makao ya kazi ambayo mwajiri anayo hapa. Likianguka moja, yameanguka yote. Mtu wa Afrika ya Kusini aliyeajiriwa na kampuni iliyoandikishwa Kongo, hata akae siku ishirini tu, hapiti mlango huu. Na yule wa wiki sita ndani na wiki tatu nje, mtoto wa darasa la tano anaweza kumhesabia: katika wiki 52 anakaa hapa karibu wiki 34, ni siku zaidi ya 230. Siku 183 amezipita tangu mwezi wa tisa, kama alianza Januari. Sasa mtuambie ni mkataba gani unamfunika.

Na mjue kwamba kodi ambayo Kongo haikuchukua haibaki hewani. Tangu tarehe 1 Machi 2020, Afrika ya Kusini inamtoza mtu wake mwenye kufanya kazi nje, mshahara wake ukipita randi milioni 1.25 kwa mwaka. Na ile aliyolipa kule alipofanyia kazi, wanamhesabia. Maana yake: Kongo ikikata, Pretoria inakata kidogo, Kongo ikilala, Pretoria inajaza. Ile feza yetu inakwenda kutengeneza barabara za wengine. Wamarekani nao wanafuata raia wao duniani kote. Kwa mwenye makao Dubai hali ni ingine tena, sababu kule hakuna kodi ya mshahara: Kongo isipokata, hakuna yeyote anayekata. Anatoka hapa na dola zake kamili, na kijana wa Masisi mwenye kumshikia taa ameacha franka 86,480.

Mwenzetu mmoja, mchimbaji wa zamani wa kasiterite, alitucheka tuliposoma haya kwa sauti. Alisema: «Ninyi munataka kuongeza feza ku mfuko wenye kutoboka. Hata bakilipa, itakula wakubwa ya Kinshasa.» Hatuwezi kumwambia kwamba ana wazimu. IPR na IERE zinaingia kwenye hazina ya taifa. Katiba, katika kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa inabaki kwa majimbo moja kwa moja pale yanapokusanywa, na kila gavana wa kila jimbo amelia kwamba hilo halitendeki kama ilivyoandikwa. Redevance ya madini ni afadhali kidogo kwa maandiko: Code minier ya 2018 inaigawa asilimia 50 kwa serikali ya kati, 25 kwa jimbo, 15 kwa chefferie ao sekta ambamo mgodi umo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vya kesho. Ile 15 tunaweza kuifuata kwa miguu mpaka mlangoni mwa mwami, tumuulize amejenga nini. Kodi ya mishahara hatuwezi kuifuata namna ile.

Kwa hiyo mtu akiuliza: juu ya nini mnajisumbua? Tunajibu kwamba si feza peke yake. Ni kazi.

IERE haikuwekwa juu ya kutafuta feza tu. Inamfanya mfanyakazi wa nje awe ghali. Inamwambia mwajiri: unaweza kuleta mtu wa mbali, lakini kila mwezi utalipa juu yake, na miaka kumi ikipita utalipa mara mbili, basi anza leo kufundisha mtu wa hapa. Mlete mgeni aongoze mashini, umweke Mkongomani pembeni yake, miaka mitatu Mkongomani anakaa kwenye kiti. Ndiyo sababu sheria pia inadai karata ya kazi kwa kila mgeni, kupitia komisyo ya taifa ya kazi za wageni. Na ndiyo sababu sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 iliweka sutretansi mikononi mwa makampuni ya Wakongomani, na kampuni ya nje iingie tu pale ambapo ujuzi haupatikani hapa, kwa muda mfupi.

Sasa mgeni akiingia bila kutangazwa, ile bei yote inaanguka. Anakuwa rahisi kuliko mtoto wetu! Mtoto wetu ana CNSS: mwajiri analipa asilimia 13 juu ya mshahara wake. Ana INPP. Ana bibi na watoto wenye kutibiwa. Ana sisi, sendika, wenye kusumbua. Mgeni asiyetangazwa hana hata kimoja. Ni nani atapoteza miaka mitatu kufundisha kijana wa Kingi kutengeneza pampu, kama pampu inaweza kutengenezwa na mtu asiyeonekana kwenye kitabu? Vijana wenye diploma ya mekanike wako hapa, wanaendesha motari kati ya Sake na Kitshanga wakati njia iko wazi. Wazazi waliuza ng'ombe juu ya zile diploma.

Wazee waliofanya kazi Sominki, ile kampuni iliyozaliwa 1976 kwa kuunganisha makampuni ya zamani ya Kivu, wanatuambia kwamba wakati wao mtu alianza kama mbeba mawe na akaisha kama mkubwa wa ekipe. Hatujui kama kila kitu kilikuwa kizuri. Wazee wanasahau mabaya haraka. Lakini ngazi ilikuwepo. Leo ngazi inaanzia ghorofa ya pili, na ghorofa ya pili wanaifikia kwa ndege.

Tunataja sana mgodi wa kampuni, na mchimbaji wa mkono atasema: hii hainihusu. Ni kweli kwamba hana fishi wala IPR. Lakini tumhesabie naye. Ana karata ya mchimbaji ya kulipia. Analipa huduma za SAEMAPE. Anaacha sehemu kwa PDG wa shimo, sehemu kwa koperative, na negosian anamkata kwenye kilo kwa kusema mchanga una maji. Barabarani anakuta kamba, na nyuma ya kamba mtu mwenye kiti. Pale ambapo serikali haifiki, analipa kwa mwenye bunduki, na hapewi risiti. Mama mwenye kubeba kilo 50 za maharagi naye analipa kwenye kamba ile ile. Katika Masisi hii hakuna mtu masikini ambaye hakuwahi kutozwa. Ndiyo maana neno «hawahusiki» lilituchoma.

Tunajua pia watakachosema wakubwa: mkiwabana wageni, makampuni yatakimbia. Bisie, kule Walikale, ilianza kuchimbwa na watu wa mkono mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu wakibeba kasiterite mgongoni kupitia msitu mpaka Ndjingala. Leo ni mgodi mkubwa wa kampuni, na mwaka wa 2023 ulitoa tani zaidi ya 12,000 za bati. Hakuna mtu aliyepasua njia katika msitu ule juu ya upendo. Walikuja kwa sababu jiwe la pale lina bati nyingi sana kuliko migodi mingine ya dunia. Jiwe halihami. Kampuni yenye kufungua mgodi pahali pa vita, pasipo lami, haitafunga juu ya IPR ya mafundi wake. Na kampuni yenye kulipa vizuri, tunaamini ziko, inaumizwa na ile isiyolipa, maana zinashindana kwa kazi moja na bei hazilingani.

Basi tunaomba nini? Si kwamba kila mgeni atuonyeshe mshahara wake. Huo ni wake na bibi yake. Tunaomba kwamba kila mwajiri kwenye migodi yetu, pamoja na wale wa sutretansi, abandike kila miezi mitatu karatasi moja pale tunapobandika majina ya zamu: wageni ni wangapi, wangapi wana mkataba wa hapa, wangapi wamekuja kwa fakture ya nje, IPR na IERE iliyopelekwa DGI ni kiasi gani, asilimia 14 iliyokatwa kwenye fakture ni kiasi gani. Namba tano, bila jina la mtu. Makampuni makubwa yamezoea kutoa hesabu kwa ITIE, na ripoti zake zinasomwa mpaka Ulaya; kinachoweza kusomwa Brussels kinaweza kusomwa hapa na mchimbaji mwenye mikono ya udongo.

Tunaomba pia kwamba kila mgeni mwenye kazi ya kudumu apewe Mkongomani wa kujifunza naye, na jina la yule Mkongomani liandikwe kwenye faili la karata ya kazi, pamoja na tarehe ambayo anatazamiwa kushika kiti. Karata ikiisha na tarehe imepita, inspekteri wa kazi aulize juu ya nini kiti bado kina mtu yule yule.

Na kwa wajumbe wenzetu: mkiambiwa kwenye kikao «hawahusiki», msinyamaze kama sisi. Ulizeni mambo matatu. Mwajiri wake ni nani? Amekaa hapa siku ngapi mwaka huu? Mshahara wake unaandikwa kwenye hesabu ya kampuni gani? Ombeni majibu yaandikwe ndani ya procès-verbal. Neno la mdomo linaruka. Likiingia kwenye procès-verbal lina saini, na mwenye saini anaogopa.

Barua kwa inspekteri wa kazi na kwa DGI imekwisha kuandikwa, kurasa mbili, na ile hesabu ya dola 10,000 iko ndani. Inangojea mikono ya wajumbe wa kampuni tatu ambao bado hawajaja. Wenye kutaka kuiunga mkono waje na fishi yao ya mwezi uliopita, tutafanya kopi ya mstari wa IPR tu na kuwarudishia karatasi yao siku ile ile. Jibu likifika, tutalichapa hapa, hata kama halitupendezi.